Waliozaliwa Julai Mosi

Mtaani wananiita Bwana Julai. Si jina nililopewa na wazazi, wala silipendi, lakini nimelitolea jasho mwenyewe. Mimi ni karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya wilaya, chumba namba nne, mwaka wa ishirini na sita sasa. Ukizaliwa unaletwa kwangu. Ukifa unaletwa kwangu. Hapo katikati una uhuru wako.

Kazi yenyewe si ngumu kwa anayekuja na karatasi ya hospitali. Naandika, nagonga muhuri, nasema "anayefuata." Ugumu uko kwa wale waliozaliwa nyumbani, enzi ambazo hakuna aliyeshika kalamu. Huyo ukimuuliza alizaliwa lini anakuanzia hadithi: mwaka ule mvua ilikataa, bibi yake alikuwa bado hajavunjika nyonga, mjomba alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Kanuni inasema karani amsikilize, alinganishe matukio, apekue kumbukumbu za serikali, ndipo aandike. Kanuni hiyo iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuona foleni. Sisi makarani tuna njia yetu ya mkato, haimo kwenye kitabu chochote: asiyejua siku yake, mpe Julai mosi. Ni katikati ya mwaka. Hata ukikosea, hukosei kwa zaidi ya miezi sita, mbele au nyuma. Aliyenifundisha kazi aliniambia hivyo siku yangu ya pili ofisini, huku anamenya chungwa juu ya daftari la vifo, nami nikaona nimepata mwalimu.

Mwaka huohuo wa kwanza ikatoka amri kwamba kila mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa aandikishwe ndani ya wiki tatu. Foleni ilianzia mlangoni kwangu, ikateremka ngazi, ikazunguka choo cha nje, mwisho wake sikuwahi kuuona. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shati limenyooshwa mpaka linakwaruza shingo, na mwandiko ambao niliuringia kuliko wengine wanavyoringia gari. "Jina? Mwaka?" Naandika. "Anayefuata." Mtu akifungua mdomo aanze hadithi, nilikuwa na dawa yake: "Shangazi, mwaka tu." Akishataja mwaka namwambia, "Ungesema hivyo tangu mwanzo."

Siku ya nne, nilipoinua macho, aliyesimama mbele ya meza alikuwa mama yangu.

Ndugu za makarani wengine walikuwa wanapitia mlango wa nyuma. Mama alikataa. Alipanga foleni saa tatu juani kama watu wengine, na alipofika mezani alinitazama mimi na muhuri wangu kwa fahari mpaka nikaona haya.

"Bwana karani," akasema kwa utani, "mimi sikusumbui. Siku yangu naijua. Nilizaliwa siku daraja..."

"Mama, watu wamejaa nje. Mwaka tu."

"Si ndiyo nakwambia? Siku daraja la mbao..."

"Mama!"

Akageuka akaitazama foleni nyuma yake. Akasema amekuwa akisikia ni kama mwaka wa hamsini hivi. Nikaandika: tarehe mosi Julai, 1950. Akakichukua cheti, akakipuliza wino ukauke, akasema, "Mwandiko wako mzuri, baba." Kisha akatoka, na mimi nikasema anayefuata.

Miaka ishirini na mitano ikapita juu ya hapo, na sikuukumbuka ule mchana hata mara moja.

Aliyeuona uvimbe kwanza ni dada yangu mkubwa. Yeye ni fundi cherehani, na alikuwa anampima mama shingo kwa ajili ya blauzi yenye kola. Futi kamba ikamwambia shingo imeongezeka. Mama, ambaye kila kitu mwilini mwake kilikuwa kinapungua, ameongezeka shingo! Dada akapapasa, akakuta chini ya taya kuna kitu kigumu, ukubwa wa gololi.

Tukampeleka hospitali kubwa. Muuguzi wa mapokezi akauliza jina, nikamtajia. Jina la mama ni la kawaida sana, ukiliita sokoni watageuka watano na wa sita atauliza kama umemwita yeye. Akauliza tarehe ya kuzaliwa.

"Julai mosi, mwaka hamsini."

Muuguzi akacheka. "Wazee wa mji huu! Julai mosi, Julai mosi. Leo huyu ni wa nne. Hivi bibi zenu walikubaliana?"

Na mimi nikacheka. Naliandika hili kwa sababu sina budi: nilicheka sana, mpaka nikamwambia, "Ulikuwa mwaka wa mavuno mazuri."

Wakakata kinyama kidogo cha kwenda maabara. Baada ya wiki tatu tukaitwa dirishani, wakauliza tena jina, wakauliza tena tarehe, wakatoa bahasha. Majibu yalikuwa safi. Ni tezi tu imevimba, itanywea yenyewe. Dada alimkumbatia muuguzi ambaye hakutaka kukumbatiwa. Mama aliinuka kwenye benchi peke yake, akatutangulia kwenda getini, na njia nzima alitusema kwamba tulishaanza kugawana vyombo vyake.

Uvimbe haukunywea. Baada ya mwezi mmoja ukawa kama limau. Mama akasema shingo inamuuma akilala. Nikamwambia, "Mama, karatasi inasema huna kitu." Baada ya miezi miwili akasema kuna kingine kwapani. Nikamjibu vilevile. Dada akataka tumrudishe, nikamwambia asimtie mama hofu, wenye mashine wameshapima. Mtu aliyekaa na karatasi miaka yote hiyo anaishia kuiamini kuliko anavyoiamini shingo ya mama yake mzazi. Ilipotimia miezi minne sauti ikamkauka, akawa anaongea kama mtu aliyepiga kelele uwanjani, na kola ya ile blauzi haikufunga tena. Hapo ndipo nilipokubali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alimpapasa mama shingoni, akampapasa kwapani, akalitazama faili, akalitazama tena. Akamtuma mtu masjala. Yakaja mafaili mawili. Akayaweka mezani sambamba, akasoma hili, akasoma lile, na sisi tunamsoma yeye. Kisha akamwomba dada amtoe mama nje akapate hewa.

"Kaka," akaniambia, "mama yako ana mwenzake."

Sikumwelewa.

"Kuna mama mwingine. Jina hilihili, yote matatu. Amezaliwa Julai mosi, mwaka hamsini. Alipimwa wiki ileile. Maabara wametazama jina, limelingana. Wametazama tarehe, imelingana. Majibu ya huyu yameingia kwa yule." Akavua miwani. "Tarehe ya kuzaliwa tunaiuliza kwa ajili hiyo tu, kaka. Si kwamba tunataka kuwafanyia sherehe. Tunaiuliza ili watu wenye jina moja wasichanganyike."

"Kwa hiyo huyo mwenzake..."

"Tumemtibu miezi minne ugonjwa ambao hana. Dawa kali. Na mwenye ugonjwa tukamwambia aende nyumbani."

"Sasa mnampa lini hizo dawa?"

Aliifuta ile miwani kwa muda ambao mimi, nikiwa ofisini, ningeshahudumia watu wawili. "Miezi minne iliyopita ningekuwa na la kukuambia," akasema. "Sasa umeshuka kwenye mapafu. Nitampa za maumivu. Za maumivu ninazo nzuri."

Dada alipoambiwa aliwaka. Alisimama katikati ya korido, futi kamba bado iko shingoni kwa sababu alitoka nyumbani mbio, akauliza kwa sauti nani kafanya haya, aletwe hapa, amwone. Wauguzi wakatazama chini. Mkuu wa zamu akaja, akaeleza kwa upole kwamba utaratibu wote ulifuatwa. Dada akamwambia utaratibu wake aukunje aupeleke kwao. Mimi nilisimama pembeni nimeshika mkoba wa mama. Dada alidhani nimenyamaza kwa huzuni, akanishika mkono. Mkono uleule wa kalamu.

Jioni hiyo sikwenda nyumbani. Nilipitia ofisini, nikafungua kabati la chuma, nikatoa daftari la mwaka ule. Limekuwa la njano lakini mwandiko bado unang'aa. Nikafunua siku ya nne. Ukurasa una mistari kumi na minne, na mistari kumi na mmoja imeandikwa Julai mosi, J imekunjwa mkia vizuri, zote sawasawa. Mama yangu mstari wa saba. Mstari wa tisa, jina lilelile, yote matatu, tarehe ileile, mwaka uleule. Katikati yao kulikuwa na mzee mmoja ambaye kifo chake nilikiandika mwenyewe zamani. Walikuwa kwenye foleni moja, mtu mmoja kawatenganisha. Nikaanza kuhesabu daftari zima. Katika wiki zile tatu niliandikisha watu mia tano na kumi na wawili. Mia tatu na tisa walizaliwa Julai mosi. Wakunga wa siku hiyo sijui walipumua saa ngapi.

Nikajaribu kujitetea. Kila karani anafanya hivyo. Foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa mtoto. Wale wa maabara nao wangeweza kuuliza mtaa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia kufunga daftari.

Wiki moja baadaye wakaingia chumba namba nne wanawake wawili. Mmoja ni kijana, amebana bahasha kwapani. Mwingine ni mama mtu mzima, amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, anatembea kama anayeogopa sakafu. Kijana akaweka cheti mezani. Sikuhitaji kukisoma. Mkia wa J niliujua.

"Kaka, tunataka kubadilisha tarehe ya mama," akasema. "Hospitali wamemchanganya na mtu. Hatutaki wamchanganye tena."

Nikamweleza kanuni, nayo naijua kama naijua njia ya kwenda kwangu. Kubadilisha tarehe kunataka ushahidi: maandishi ya zamani kuliko cheti, au mtu mzima aliyekuwepo siku ya kuzaliwa, aje aape.

"Mama anakaribia miaka themanini," akasema binti. "Huyo aliyekuwepo tukamfukue?"

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi. Kawaida hujibu, "Kama ana kitambulisho, mleteni," na ofisi nzima hucheka. Safari hii nilikigeuza tu kile cheti, nikakirudisha kama kilivyokuwa.

Mama yule alikuwa ananitazama. "Wewe si mtoto wa mwenzangu?" akauliza. "Tulikaa benchi moja juzi, daktari alipotuita wote. Mmefanana pua." Akaweka mkono kwenye kitambaa. "Dawa za mama yako zimenimaliza nywele." Alisema bila hasira, kama mtu anayemrudishia jirani sufuria yake.

"Mama," nikasema, "hii tarehe niliiandika mimi."

Binti akageuka kunitazama. Mama yake wala hakushtuka.

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mzee mmoja mwenye kikohozi. Nilitaka kukueleza kwamba mimi nilizaliwa wakati wa palizi, mama alishikwa na uchungu jembe liko mkononi. Ukasema mwaka tu." Akafikiri kidogo. "Foleni ilikuwa ndefu kweli siku ile. Miguu ilinivimba."

Kama angenitukana ningemshukuru. Angalau ningepata pa kusimama. Lakini alinihurumia kwa ajili ya foleni, na mimi sikuwa na ushahidi wa kumpa, wala muhuri wa kurudisha nywele. Nilimpa fomu ya maombi. Ndicho nilichokuwa nacho mezani. Binti akaikunja mara nne bila kuisoma, wakatoka polepole, na nikashindwa kumwita anayefuata.

Siku hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa dada, ambako mama alikuwa amelazwa. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na chumba cha pili cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, ya kukiri na ya kuomba radhi, na nilipofungua mdomo likatoka moja tu.

"Mama, ulizaliwa lini?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshika mgongo, nao ulikuwa mifupa mitupu. Alipotulia akasema kwa ile sauti yake iliyokauka, "Leo ndiyo foleni imepungua?"

Nikalia. Mwanamume wa miaka hamsini, na kalamu mfukoni. Nikamwambia yote: mstari wa saba, mstari wa tisa, Julai mosi, majibu yaliyokwenda kwa mwenzake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Huo ndio utaratibu.

"Dada yako anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Ana hasira huyo, na cherehani haitaki hasira." Akajipangusa mdomo. "Sasa nikuambie au una haraka?"

Akaniambia. Baba yake alikuwa fundi wa mbao, naye alijenga daraja la mtoni na vijana wake wanane. Daraja lilikaa miezi miwili tu. Asubuhi moja maji yakaja kutoka juu, yakalibeba lote, fundi anatazama. Akarudi nyumbani amelowa, amenuna, hataki kusemeshwa, akakuta mkunga mlangoni. "Akasema, daraja limekwenda, mtoto amekuja. Maisha yangu yote nikifanya kosa aliniita Daraja. Hiyo ndiyo siku yangu. Nilikuja nayo pale mezani kwako nimeikunja vizuri."

Mkabala na chumba namba nne, upande wa pili wa korido, kuna stoo ya kumbukumbu za zamani za ujenzi. Ni hatua nane. Ufunguo wake unaning'inia kwenye funguo zangu tangu nilipoajiriwa, kwa sababu humo ndimo tunamohifadhi mafagio. Asubuhi iliyofuata niliingia, nikasogeza mafagio, nikatoa madaftari ya barabara na madaraja. Nilianza na mwaka wa hamsini, sikuona kitu. Nikachukua wa hamsini na moja. Mkono wa msimamizi fulani, mbaya, wa haraka: "Jumanne, 17 Aprili. Daraja la mbao limechukuliwa na maji saa tatu asubuhi. Hakuna aliyekufa." Na chini yake: "Jumatano, 18 Aprili. Fundi wa mbao hakufika kazini. Mkewe alijifungua jana, mtoto wa kike."

Nilitazama saa. Kutoka kufungua mlango mpaka hapo zilikuwa dakika kumi na moja.

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikalisoma lile neno, jana, sijui mara ngapi. Ilitosha mtu mmoja ampe mama yangu dakika kumi na moja. Angekuwa mtu wa Aprili, wa hamsini na moja, na duniani pasingekuwa na mwanamke wa kuchanganywa naye.

Ushahidi wa maandishi ya serikali haupingiki. Bosi wangu aliutazama, akauliza, "Umeupata wapi?" nikamwambia kwenye mafagio, akatia sahihi. Cheti cha zamani nikakikata pembe kama kanuni inavyotaka, nikakigonga BATILI, nikakifungia kwenye faili la vilivyofutwa. Kipya nikakiandika kwa mwandiko wangu wote.

Mama alinifanya nimsomee mara mbili. "Kumbe mimi ni mdogo!" akasema. "Mmenizeesha mwaka mzima bure." Akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka chini ya mto, na kila aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa. Jirani akisema pole, mama anamjibu, "Pole ya nini, soma hapo, nimezaliwa Aprili." Furaha hiyo ilidumu siku tisa. Nilijidanganya kwamba nimetengeneza kitu.

Ijumaa tulimpeleka hospitali kuchukua chupa nyingine ya dawa ya maumivu. Ile ya kwanza ilikuwa imekwisha jana yake, na tangu alfajiri mama alikuwa anang'ata upindo wa shuka. Dawa hiyo haitolewi mpaka mgonjwa mwenyewe aonekane, kwa hiyo tulimweka kwenye kiti cha magurudumu, dada anasukuma, mama amekumbatia mfuko wake wa nailoni. Daktari alimwona, akaandika. Tukaenda dirisha la dawa.

Mtoa dawa alikuwa kijana nadhifu, shati limenyooshwa. "Jina?" Nikataja. "Tarehe ya kuzaliwa?"

"Aprili kumi na saba, hamsini na moja," akasema mama kabla yangu, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti, akapitisha cheti dirishani.

Kijana akagonga kompyuta. Akagonga tena. "Hayupo."

"Yupo hapa," nikasema, "unamwona."

"Namwona, mzee. Kwenye mashine hayupo. Jina ninalo, lakini tarehe hailingani, na dawa hii siruhusiwi kutoa kama tarehe hailingani. Juzijuzi walichanganya wagonjwa hapa, sasa tumebanwa." Akarudisha cheti. "Nendeni masjala wabadilishe kwanza."

"Masjala ni wapi?"

"Wamefunga mchana. Mpaka Jumatatu."

Dada akaanza kupandisha sauti. Nikamwambia yule kijana kwamba mimi ni karani wa vizazi, hicho cheti nimekiandika mimi, ndicho cha kweli, kuna daftari, kuna sahihi, ninaweza kumletea daftari. Nilikuwa naanza kumsimulia habari za daraja. Nilijisikia mwenyewe nikisema, "Unajua, baba yake alikuwa fundi..." na kijana akatazama nyuma yangu, kwenye foleni, nami nikalijua lile jicho.

"Mzee," akasema, "watu wamejaa. Mimi nataka tarehe tu." Akasogelea kioo, akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Chupa yenye jina hili ipo hapa mezani. Ni ya mwenye Julai mosi, hamsini. Ndiye huyu au siye?"

Mfukoni mwangu kulikuwa na nakala kivuli ya cheti cha zamani, ile tuliyotembea nayo miezi yote ya hospitali. Kutumia cheti kilichofutwa ni kosa. Nimewahi kuwapeleka watu polisi kwa kosa hilo. Lakini si hilo lililonizuia. Nilimtazama mama, ameshika karatasi yake kifuani, jasho linamtiririka kwenye makunyanzi ya shingo pembeni ya uvimbe, na sikuuingiza mkono mfukoni.

Mama akafumba macho. Vidole vyake vikafunga na kufungua juu ya nailoni.

"Mwambie Julai, baba," akasema. "Mimi naumwa."

Nikatoa kivuli, nikakipitisha dirishani, nikasema kwa sauti ya ofisini, "Julai mosi, mwaka hamsini."

Kijana akatazama karatasi, akatazama mashine, akavuta chupa. "Umeona?" akasema. "Ungesema hivyo tangu mwanzo."